Bega la Kushoto la Mkurugenzi

6 Februari

Dada,

Shikamoo. Mimi sijambo, kadiri mtu anavyoweza kuwa hajambo katika chumba kimoja na jiko lake, kitanda chake na mlango usiofunguka mpaka uuinue kwa goti. Mama anaendeleaje na mguu? Mwambie dawa ya kuchua ni ya kuchua, asiishie kuinusa. Shemeji naye msalimie sana, najua kustaafu udereva wa basi si jambo dogo kwa mtu aliyezoea honi.

Nimepata kazi. Iko ofisini kwa Mkurugenzi, ghorofani, upande wa mavazi. Usiniulize zaidi kwa sasa, ni kazi ya kusimama. Tangu kiwanda cha mbao kilipofungwa nilikuwa najiona kama kile kipande kinachobaki meza ikishakamilika: unakiweka pembeni ukidhani kitafaa, kesho yake unakiwashia moto. Angalau sasa nina mahali pa kwenda asubuhi.

Usihangaike kutuma chakula. Nakula mkate dirishani, nimesimama. Naona uvivu kutoa sahani kwa ajili ya mtu mmoja, tena mtu mwenyewe ni mimi.

Mdogo wako

27 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama anachua ule mguu usiouma, anasema unaouma hautaki kuguswa. Zahanati imejaa vikohozi, nusu yake vya kweli. Shemeji yako yuko juu. Anakusalimu.

Kazi yako sikuulizi. Mtu mzima akisema ana kazi ya kusimama, basi ni mlinzi au ni mlingoti, na vyote ni halali. Lakini hayo maneno ya mwisho, "mtu mwenyewe ni mimi", niliyasoma nikiwa kazini na sindano mkononi, ikabidi niiweke sindano chini kwanza.

Nunua sahani. Usile dirishani kama ndege. Chemsha yai, litie chumvi, uketi. Ukimaliza chai, kioshe kikombe kwa ajili ya yule atakayekinywea kesho, usijali kama ni wewe yuleyule. Visigino vyako najua hali yake, vipake mafuta. Na shati: mtu wetu mmoja alikuona stendi, anasema halikuwa na vifungo kifuani. Shona vifungo, kijana. Miaka yote niliyofanya uuguzi, mgonjwa anayenipa tumaini si yule anayeomba dawa, ni yule anayeomba kitana.

Dada yako

19 Aprili

Dada,

Shikamoo, na unisamehe ukimya. Kalamu ilikuwepo, karatasi ilikuwepo, aliyekosekana ni mimi. Nimefurahi kusikia Shemeji yuko juu. Nilijua tu kwamba mtu aliyeendesha basi maisha yake yote bila kugonga hata kuku hawezi kuachwa akae bure. Wamempa cheo gani? Mama apumzishe mguu, wowote ule.

Sasa kazi yangu, maana nikizidi kuificha utadhani naiba. Kazi yangu ni kuwa Mkurugenzi, kuanzia shingoni kwenda chini. Mwenyewe hana nafasi ya kupimwa nguo. Siku ile nilikwenda kuomba kazi ya kufagia. Fundi wake wa nguo akanipita kwenye foleni, akarudi kinyumenyume, akanizungushia utepe kifuani bila salamu, akawaambia wenzake, "Huyu hapa." Ikawa nimeajiriwa. Nasimama juu ya kisanduku katikati ya chumba, Fundi ananizunguka na pini zake mdomoni, nguo inakatwa kwa mwili wangu na kuvaliwa na mwingine. Wananiita Kipimo. Viatu vyake vipya natembea navyo mimi koridoni, vikishaniuma vya kutosha ndipo anapelekewa. Juzi alikuja mchoraji wa ile picha kubwa ya ukumbini. Niliyeketi ni mimi. Kichwa ameahidi kukitia baadaye.

Sharti ni nisibadilike. Mkurugenzi ana bega la kushoto lililoshuka, basi na mimi nalishusha langu. "Shusha," anasema Fundi kwa pembe ya mdomo. "Hapo. Kaa hivyohivyo." Nimekuwa hodari. Wanasema hata yeye mwenyewe hashuki vizuri kama mimi.

Sahani nimenunua. Siku ya kwanza niliona haya kuketi mezani peke yangu, nikawa natazama mlango kana kwamba mwenye meza atakuja kunifukuza. Yai nililichemsha mpaka maji yakakauka, likaungua. Nikalila. Vifungo nimeshona. Vilikuwa vya koti la Mkurugenzi, vikubwa kuliko matundu ya shati langu, kwa hiyo sasa halifunguki. Nalivulia kichwani.

Mdogo wako, Kipimo

11 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimecheka zahanati mpaka mgonjwa akatoa kipimajoto mdomoni akauliza kulikoni. Mama nilimsomea. Akafikiri, akauliza, "Na kichwa chake mwenyewe wamekipeleka wapi?"

Shemeji yako bado yuko juu. Cheo sijui.

Sikulaumu, kazi ni kazi. Wahenga walituonya kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako, ila kuhusu mwili wa kuazimisha sikumbuki kama walisema neno. Nikuulize tu kama muuguzi: jioni ukitoka, lile bega unaliacha ofisini au unalala nalo? Kuna mtu nilimfungua plasta, mguu umepona kabisa, akaendelea kuchechemea kwa kuiheshimu plasta. Ukifika chumbani vua viatu, egemeza mgongo ukutani, yaache mabega yakae yanapotaka yenyewe. Kisha pasha maji uoge ya moto, hata kama hakuna baridi. Usifanye kwa sababu kuna atakayekuona. Fanya kwa kuwa hayupo.

Naishia hapa, ni saa ya kupandisha chakula.

Dada yako

2 Julai

Dada,

Shikamoo. Natumaini Mama ameacha kubagua miguu. Huku kuna balaa.

Mambo yako ya ukutani nilianza kama mzaha. Nikaoga maji ya moto. Nikapaka visigino mafuta, vikaacha kuchana shuka. Nikaanza kupiga pasi shati langu kabla ya kwenda kuvalishwa la mwenzangu. Jioni moja mwenye nyumba aligonga akauliza kama nimeleta mgeni, maana alisikia mtu anaimba. Nikamwambia ndiyo, yupo.

Bega likapanda. Sikulipandisha mimi. Wakati fulani kati ya suti ya kijivu na suti ya bluu lilirudi mahali pake, na Fundi, ambaye hukata anachokiona, akakata. Mkurugenzi akaivaa suti ya bluu kwenda kuwahutubia wageni. Mkono wa kushoto ukameza kiganja. Alipoinua mkono kuwapungia, koti lilibaki chini.

Katibu muhtasi akaitisha kikao. Nikasimamishwa juu ya meza ya mkutano na kupimwa mbele ya wote. Sikuwa nimenenepa wala kukonda. Nilikuwa nimenyooka. Mmoja akasema, "Kipimo kimeharibika." Mzee wa mipango, mtu mzito anayesikilizwa, akavua miwani. "Kipimo hakiharibiki," akasema, "ndiyo maana kinaitwa kipimo. Kilichoharibika ni kinachopimwa." Wote wakaitikia kwa vichwa. Wakaamua Mkurugenzi arekebishwe. Ataletwa kwangu ili afanane na mimi.

Wewe cheka, lakini mimi naogopa. Siku watakayopata akili nitatoka kwa mlango uleule nilioingilia. Kiwanda kilipofungwa niliketi kitandani mpaka majirani wakadhani nimehama. Kile kitanda bado ninacho, Dada.

Jambo jingine. Fundi bomba mmoja aliyetoka huko kwetu ameniambia amempungia Shemeji mkono, na kwamba Shemeji alikuwa juu ya bati na blanketi mabegani. Dada, yuko juu ya nini hasa?

Mdogo wako

25 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama mzima, miguu yote.

Juu ya bati, ndiyo. La nyumba yetu. Sikukudanganya, wewe ndiye uliyempa cheo.

Alipanda mwanzoni mwa mwaka kuziba panapovuja. Nikamwita chakula cha mchana, akasema bati limelegea, akiondoka litaruka na upepo. Nikampandishia sahani. Jioni nikampandishia blanketi. Mvua ikija ana turubai. Asubuhi nampandishia maji ya kunawa, gazeti na uji, kisha nakwenda zahanati, nikirudi nashusha vyombo na nguo za kufua. Anashuka kwenda msalani tu. Hapo huniweka mimi juu nilikalie bati mpaka arudi.

Usidhani ni wazimu. Tangu astaafu alikuwa anakaa sebuleni mikono mbele, kama bado ameshika usukani. Huko juu amepata shughuli. Watu wanamuuliza kama basi linakuja, naye analiona toka mbali, anawaambia wakimbie au wasikimbie. Na bati, kwa mawazo yake, linamhitaji. Nani awe wa kwanza kumwambia halimhitaji? Mimi sikuweza.

Nilikuficha kwa sababu nilikuona unajikusanya, sikutaka kukutawanya. Sasa umejua. Tuyaache hayo.

Huyo Mkurugenzi akija, usipande kisanduku. Mpe kiti. Na kile kitanda, kila ukiamka kitandike papo hapo. Kitanda kilichotandikwa mtu huona aibu kukirudia.

Dada yako

14 Agosti

Dada,

Shikamoo. Mkurugenzi alikuja. Alikuja bila katibu, na Fundi akajifanya amesahau mkasi mahali akatuacha wawili. Ni mfupi kuliko sauti yake. Nikampa kiti, hakuketi, akasimama mbele yangu kama mtu mbele ya kioo, akajaribu kulipandisha bega. Likagoma. Akajaribu tena, shingo ikamkaza.

"Wewe unafanyaje?" akaniuliza.

Nilitaka kumpa jibu la maana. Nikasema, "Nachemsha yai."

Akataka kuona. Basi tukaenda chumbani kwangu, yeye na suti ile ya bluu, mimi na shati lisilofunguka. Mlango nikauinua kwa goti, akashangaa kwamba mlango unaweza kuwa na siri yake. Alikuwa na begi begani, la kushoto. Nikamwambia aliweke chini, akasema huwa haliweki chini, ofisini kuna wengi wanaotamani kujua lina nini. Nikamwambia hapa yupo mmoja na hatamani. Akaliweka. Bega halikupanda, bila shaka, bega si pazia. Ila alilitazama kama mtu anayemtazama ndugu aliyemsahau.

Yai alilimenya ute pamoja na ganda, akabaki na kiini tu. Akalitia chumvi, akala polepole. Akasema hajui soksi zake zinakaa wapi nyumbani kwake. Kisha akainuka akaosha sahani yake, vibaya, nikaja kuirudia baadaye. Mlangoni akasema, "Kesho nitapimwa mwenyewe. Na bega langu kama lilivyo." Nikampa mkono. Nilielewa hapo hapo kwamba kazi yangu imekwisha, nimeipika mwenyewe pamoja na lile yai.

Kesho yake nilirudisha viatu. Katibu akanishukuru kwa kusimama vizuri. Nikarudi chumbani, nikakitazama kitanda. Kilikuwa kimetandikwa, shuka imenyooka, nikaona vibaya kukivuruga mchana wote ule. Nikavaa kandambili nikatoka kwenda kunyoa ndevu. Sina kazi, Dada, na ndevu nimenyoa. Sijawahi kuwa na hayo mawili kwa pamoja.

Sasa wewe. Umeniambia mimi nile nini, niketi wapi, nioge maji gani. Najua uji wa Shemeji unapanda saa ngapi. Miguu ya Mama naijua kama yangu. Barua zako zote nimezitandaza mezani, na hakuna hata moja inayosema wewe unakula wapi. Umesema tuyaache hayo. Mimi siyaachi. Kinyozi hajinyoi, najua, lakini nimemwona Mkurugenzi akimenya yai.

Mdogo wako

30 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nilikaa nayo mfukoni kwa hasira. Nilikuwa naitoa kazini nikiisoma nakasirika upya. Kisha jioni moja nikajikamata nimesimama jikoni, nakula makombo sufuriani kwa mwiko, sikio moja darini kusikiliza kama naitwa. Nikatafuta kikombe changu ili angalau ninywe kitu. Nikagundua sina. Mama ana chake, Shemeji yako ana chake kimefungwa kamba cha kupandishia. Mimi miaka yote nimekuwa nikinywea kifuniko cha chupa ya chai.

Nikanunua kikombe. Cheupe, na mkono mpana. Nikatoa kiti uani, nikatia miguu kwenye beseni la maji ya vuguvugu, nikaketi.

Sauti ikatoka juu. "Unafanya nini?"

"Nakunywa chai."

"Yangu?"

"Iko chini."

Nikasikia bati likilia. Halafu, "Na bati?"

"Sijui mambo ya bati," nikamwambia. "Mimi ni muuguzi. Magoti nayajua, na yangu yamechoka."

Usinione mkatili. Chakula cha mchana niliendelea kumpandishia, sikumwacha na njaa. Ila chai ya jioni ilibaki mezani uani, imefunikwa, na mimi kando yake nimeketi. Mwanzoni ilinichoma kuliko kupanda ngazi. Nilikuwa nainuka bila kujua, nakaa tena. Baada ya siku kadhaa nikaacha kuinuka. Nikaanza kutazama uani kwangu. Kuna mpapai sikuwa najua umezaa.

Wiki jana alishuka. Kinyumenyume, mguu unatafuta kidato, blanketi bado mabegani. Upepo ulikuwepo wa kutosha. Bati halikuruka. Akasimama akalitazama muda mrefu, na uso alioufanya, mdogo wangu, nilitamani lingeruka hata kidogo tu. Nikamvutia kiti.

"Sikuhitaji mtu wa kushika bati," nikamwambia. "Nilihitaji mtu wa kunywa naye chai."

"Ungesema," akajibu.

"Nimesema."

Akanywa. Mama akatoka ndani, akamwona, akauliza, "Huyu ametoka wapi?"

Siku hizi anapanda asubuhi kuwaangalizia watu basi, anashuka mwenyewe. Chai anapika yeye. Ni nyepesi. Sisemi kitu, nainywa.

Dada yako

21 Oktoba

Dada,

Shikamoo, na Shemeji shikamoo yake, sasa kwa kuwa barua zinamfikia bila ngazi. Chai nyepesi inavumilika, wewe vumilia.

Fundi ameniita. Tangu Mkurugenzi apimwe mwenyewe, ofisi nzima inataka kupimwa, na Fundi hawezi kushika utepe, chaki na pini kwa pamoja. Sasa mimi ndiye mpimaji. Wanaingia mmoja mmoja, na kila mmoja akipanda kisanduku anavuta tumbo ndani, anatuna kifua, anasimama kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Mimi sina haraka. Nauzungusha utepe, nasubiri. "Toa pumzi kwanza," nawaambia. Wengine wanabisha kwamba hilo ndilo umbo lao. Mzee wa mipango alibisha mpaka akakohoa, na alipokohoa nikampima. Amevaa suruali yake mpya, anasema ni ya kwanza inayomruhusu kucheka. Sikujua alikuwa anataka kucheka.

Jana tulibaki wawili wakati wa kufunga. Kulikuwa na kipande cha kitambaa cha kahawia, kizuri, kimebaki. Fundi akakishika kwenye mwanga wa dirisha, akakikunja, akakikunjua.

"Panda," akasema.

Nikadhani kuna mtu wa kupimiwa. "Nimshushie nani bega?"

Akakigonga kisanduku kwa mguu. Nikapanda. Na hata kabla hajanigusa, bega la kushoto likashuka lenyewe, kama mbwa anayesikia jina lake la zamani. Nikalipandisha, likapanda la kulia nalo, nikawa masikio bila shingo. Nikavuta tumbo. Nikaona haya. Wote niliowahi kuwaambia watoe pumzi wakanijia kichwani, na mimi mwenyewe nimeibana.

Fundi akanitazama. Akaanza kuzitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kifuko chake cha pamba. Sijawahi kumwona bila pini. Ana mdomo wa kawaida tu. Akavuta kile kiti cha Mkurugenzi, akaketi, akapakata mikono.

"Chukua muda wako," akasema. "Koti ni lako."

Tukakaa hivyo, Dada, yeye kwenye kiti na mimi juu ya kisanduku, mpaka nikatoa pumzi.

Mdogo wako